Mtoto wa Mwalimu Anaomba Pasi

Katika mengi ya haya nitakayoyasimulia mimi nilikuwepo, ila nilikuwa mgongoni. Nilikuwa na miezi minane, nimefungwa kwa kitenge, kazi yangu kulala na kulia. Kwa hiyo nasimulia kama nilivyosikia kwa mama, ambaye hachoki kuyarudia, na kidogo kwa baba, ambaye alikuwa hapendi.

Baba yangu aliitwa Zenon. Alikuwa mwalimu wa siasa katika shule ya msingi moja upande wa Mollo, na tatizo lake lilikuwa moja tu: aliyaamini aliyoyafundisha. Walimu wenzake walifundisha siasa mpaka kengele ilipolia, wakafunga daftari wakaenda kupalilia mahindi yao. Baba alitoka nayo darasani akaingia nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo. Mwaka 1974, ilipokuja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa, watu walikaa kwenye nyumba zao kwanza waone kama ni kweli. Baba alibomoa ya kwake siku mbili kabla ya tarehe, akapanga nguzo na milango kando ya barabara ili lori likija lisicheleweshwe. Lori lilikuja baada ya wiki tatu. Ulikuwa mwezi wa saba, na anayeijua baridi ya Ufipa mwezi wa saba hana haja ya kuelezwa. Mama alikuwa bibi harusi wa miezi miwili. Husema ndoa yao ilishika wiki zile tatu, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kupata joto.

Mama, Fransiska, ni Mmambwe wa ng'ambo, upande wa Zambia, mwendo wa asubuhi moja kutoka mpakani. Mama yake, bibi Emerensiana, alikuwa bado anaishi huko. Nilipozaliwa mimi, Adela, bibi alituma salamu kwa wanawake wa kijijini kwetu waliokuwa wakienda huko kununua sabuni: "Mleteni mtoto nimwone kabla hajaota meno."

Niseme hapa kwamba sabuni ya kwetu siku zile ilisikika zaidi redioni kuliko ilivyoonekana dukani. Hivyo kila mtu alivuka. Ulipanda lori hadi Matai, ukateremka, ukashika njia ya miguu katikati ya mashamba ya ulezi, na ilipofika mchana ulikuwa Zambia unachagua mche wa sabuni. Hakuna aliyekuuliza kitu.

"Basi Jumatatu naondoka na kina mama," mama akasema.

Baba akaweka kalamu chini. "Na mtoto?"

"Nitamwacha na nani? Nimnyonyeshe kwa barua?"

"Mama Adela, wewe una kitambulisho cha kwenu. Mtoto hana karatasi yoyote. Kule ni nchi nyingine."

"Kule ni kwa mama."

"Ni kwa mama, sikatai. Na mama yuko nchi nyingine."

Baba mwenyewe hakuwa na likizo, kwa hiyo katika familia nzima aliyehitaji hati ya kusafiria nilikuwa mimi peke yangu. Akasema ataiomba, ni suala la wiki mbili. Alisema hivyo mwezi wa kwanza, mwaka 1977.

Alianzia kwa balozi wa nyumba kumi, mzee Modesti. Alimkuta uani anafua koti lake, povu limempanda mpaka viwikoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Mwalimu. Vuta kigoda."

Baba akaeleza shida yake: anataka barua ya utambulisho, ili mtoto apate ruhusa ya kusafiri. Mzee Modesti akaacha kufua.

"Ruhusa ya kwenda wapi?"

"Zambia, mzee."

"Huko nilikokuwa Alhamisi?"

Baba akasema kwa heshima zote kwamba yeye hajui mzee alikuwa wapi Alhamisi. Jibu hilo lilimtia mzee wa watu hofu. Aliutazama mche wa sabuni uliokuwa pembeni ya karai, akausukuma kwa kisigino taratibu mpaka ukaingia chini ya kigoda.

"Mwalimu," akasema, sauti imeshuka, "umetumwa?"

"Sijatumwa, mzee. Nataka barua ya mtoto."

Mzee Modesti alikuwa na barua ya namna moja tu, ile aliyozoea kuwaandikia vijana wanaokwenda kutafuta kazi. Akainakili kama ilivyo: mtajwa hapo juu ninamfahamu vizuri, hanywi pombe, si mzururaji, na hajawahi kukosa kazi za kujitolea. Baba akapinga hilo la mwisho, akasema si kweli, mtoto hajawahi kushika jembe. Mzee akamjibu kwamba kila mama alipokwenda kuchimba barabara ya kijiji mtoto alikuwa mgongoni, kwa hiyo katika daftari lake alihesabiwa amehudhuria. Baba akafikiri, akaona hoja hiyo ina msingi, akaichukua barua.

Sasa, siku hizo hati ya kusafiria watu waliiita pasi, jina lile lile la pasi ya kunyooshea nguo. Juu ya barua mzee Modesti aliandika kwa herufi kubwa: MTOTO WA MWALIMU ANAOMBA PASI. Barua ikafika kwa katibu kata, Alois, mtu mwema aliyekuwa akisoma vichwa vya barua tu kwa sababu ya wingi wake. Alois akafikiri: mwalimu amepata mtoto, nepi zinataka kunyooshwa. Na pasi wakati ule hukuipata dukani bila kibali. Akaandika kibali, akagonga muhuri: "Apewe pasi moja ya mkaa."

Baba aliisoma karatasi ile akiwa njiani. Neno "mkaa" lilimtatiza kidogo, akadhani katibu alikuwa na haraka akakatisha neno "mkaazi".

Kesho yake akatoka alfajiri kwa baiskeli mpaka mjini, kwenye dirisha la vibali aliloelekezwa. Akaona ni duka la serikali, hakushangaa. Aliamini ofisi zinasaidiana. Akapanga foleni. Saa saba mchana mwenye duka akaipokea ile karatasi, akaingia ndani, akatoka na pasi mpya ya mkaa, ina kishikio cha mbao na jogoo wa chuma juu ya kifuniko.

"Ndugu, siyo hii," baba akasema.

"Hakuna rangi nyingine."

"Mimi naomba pasi ya mtoto."

"Mwalimu, pasi za watoto hazitengenezwi. Chukua hiyo, ndiyo ya mwisho."

Foleni nyuma yake ilikuwa imeanza kunung'unika. Mama mmoja wa Milanzi akapaza sauti kwamba kama mwalimu haitaki, yeye anaitaka, tena hata bila jogoo. Baba akageuka akawaeleza wote kwamba kuchukua mali ya umma kwa kibali kilichoandikwa kwa makosa ni sawa na kuiiba. Akairudisha pasi juu ya meza, akapanda baiskeli yake akarudi nyumbani na mikono mitupu. Mama alipika siku mbili bila kumsemesha. Lile la kubomoa nyumba alishamsamehe. La pasi yenye jogoo bado.

Barua ikaandikwa upya. Ilipofika ofisi ya pasi mjini, ikarudishwa: chama kilikuwa kimeungana na kingine na kubadili jina mwezi ule ule wa pili, na muhuri wa Alois ulikuwa bado wa chama cha zamani. Muhuri mpya ulichukua wiki saba kufika kata. Baba aliungojea bila kulalamika. Alisema nchi haijengwi kwa siku moja. Mimi nikaota meno mawili ya chini.

Karani wa ofisi ile alikuwa kijana wa Tukuyu, Lutengano, mpole, ndani ya kaunda suti iliyomzidi mabega. Siku alipotuita wote watatu, tulifika saa mbili asubuhi tukahudumiwa saa tisa. Fomu ilikuwa moja tu kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo.

"Urefu wa mwombaji?"

Nikalazwa juu ya meza, nikapimwa kwa rula, Lutengano akinishika miguu na baba kichwa.

"Mwombaji ameoa, hajaoa?"

"Hajaolewa," baba akajibu bila kutabasamu.

"Kazi ya mwombaji?"

"Hana kazi."

Lutengano akainua kalamu. "Hapo pana ugumu, Ndugu Mwalimu. Nikiandika hana kazi wataniambia nampa pasi mzururaji. Lazima awe na kazi."

"Ana miezi kumi, ndugu."

"Sasa kutwa anafanya nini?"

Mama, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi, akajibu: "Ananyonya."

Lutengano akashukuru, akainama, akaanza kuandika kwa herufi kubwa, huku akizitamka: "M, N, Y, O, N, Y, A..."

Baba akaurukia mkono wake. Kwa miaka minane alikuwa akiwafundisha watoto kwamba mnyonyaji ndiye adui wa taifa. Alimchora ubaoni kila muhula, na kofia na tumbo.

"Futa! Futa hiyo! Mtoto wangu si mnyonyaji!"

"Mama yake ndiye kasema ananyonya."

"Ananyonya, lakini si mnyonyaji!"

"Tofauti yake nini, Mwalimu?" Lutengano aliuliza kwa nia njema kabisa. Alitaka kujua, maana ilikuwa lazima aandike.

Baba akatafuta jibu. "Mnyonyaji," akasema mwishowe, "ni yule anayekula jasho la mwenzake, yeye amekaa tu, kazi hafanyi, na asipopewa anapiga kelele."

Mama akanitazama. "Basi aandike," akasema.

Baadaye walikubaliana waandike mkulima. Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo katika kumbukumbu za serikali: mwaka ule nilikuwa mkulima, sentimita sabini na moja.

Picha ikarudishwa mara moja. Nilikuwa siwezi kutulia bila kushikwa, mpiga picha akamficha mama nyuma ya shuka, ila mkono wake ukaonekana kiunoni kwangu. Lutengano akaandika pembeni ya fomu: "Mkono huu ni wa nani, na je, nao unasafiri?" Tukapiga nyingine nikiwa nimeegemezwa gunia la maharage.

Fomu ilipofika kwa mkuu wa ofisi, mkuu akamwita baba peke yake. Hakumkaripia. Alimpa kiti.

"Ndugu Zenon, watu wa huku wanavuka mpaka kila siku. Kweli si kweli?"

"Siwezi kujua, ndugu mkuu."

"Mimi najua. Wanavuka, na hakuna anayeomba. Wewe peke yako, tangu nifike mkoa huu, ndiye umekuja kuomba. Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo sheria."

Mkuu akatikisa kichwa taratibu. Jibu hilo hakuliamini hata kidogo. Mtu anayevuka bila kuuliza alimwelewa, anakwenda kununua sabuni. Lakini huyu anayetaka muhuri ana nini?

Wiki mbili baadaye akaja kijijini kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akasema ananunua ulezi mpya. Ulikuwa mwezi wa nne, ulezi ungali mbichi shambani. Hata watoto wa darasa la kwanza walimjua yeye ni nani. Aliuliza kidogo habari za bei na sana habari za mwalimu Zenon, kisha akaondoka bila ulezi. Basi kijiji kizima kikaamini kwamba baba kashitaki njia ya sabuni. Kwa miezi mitatu hakuna aliyethubutu kwenda Matai. Sabuni zikaisha, watu wakafulia majivu. Mzee Modesti akawa anaonekana na koti lile lile, chafu, akimpita baba bila kupunguza mwendo. Mama akifika mtoni, wanawake waliinua makarai yao wakasogea chini.

"Mume wako ni mtu mnyofu, Mama Adela," mmoja alimwambia kwa mbali. "Sisi ndio tunanuka."

Mama alirudi siku hiyo akaliweka karai chini, akamwambia baba, "Kesho uende ukaifute hiyo barua."

Mama anasema hapo ndipo alipomwona baba kwa mara ya kwanza akiwa na mashaka. Alikuwa akikunja na kukunjua kona ya daftari lake la maandalio. "Nikiifuta," akasema, "wataona ni kweli nilikuwa na jambo." Mama akaliokota karai lake. Akaenda kupika.

Fomu ilikwenda Dar es Salaam ikakaa huko. Nilitambaa, nikasimama, nikatembea, nikaacha kunyonya, nikaanza kusema. Watu wakasahau, njia ya Matai ikafunguka tena yenyewe. Pasi ilifika mwezi wa tano mwaka 1978. Nilikuwa karibu kutimiza miaka miwili, na yule kipara mwenye mashavu aliyeegemea gunia hakufanana nami hata kidogo. Lakini baba alinawa, akaishika ile hati kwa mikono miwili, akaisoma yote, mpaka jina la mchapaji.

"Niahidi," akamwambia mama, "atapigwa muhuri wa kutoka na muhuri wa kuingia."

Mama akaahidi. Angeweza kupita na wenzake kwenye ulezi na kumaliza safari mchana. Lakini alikuwa ameona mtu huyu alivyodharauliwa mwaka mzima, akasema moyoni, acha basi apate muhuri wake.

Kwenye kituo cha mpakani, hatua chache kutoka ile njia ya ulezi, palikuwa na kibanda, mti uliolazwa juu ya mapipa mawili, na askari mmoja. Askari alipoiona pasi alisimama, akavaa kofia.

"Mama, hii sijawahi kuiona hapa," akasema. "Muhuri upo, ila umefungiwa kwenye saraka. Ufunguo anao mkubwa wangu."

"Yuko wapi?"

Askari akaelekeza kwa kidevu upande wa Zambia. "Kafuata sukari."

Mama akakaa chini. Alikaa siku ile na siku ya pili. Watu walipita na vikapu, wanawake na magunia kichwani, baiskeli na mitungi, wakiuzunguka mti ule kama maji yanavyozunguka jiwe. Askari aliwaitikia salamu wote kwa majina. Wenzake mama waliotoka naye kijijini walipita wakienda, na kesho yake wakapita wakirudi na sabuni zao, wakamkuta pale pale. Tulilala kwa mke wa askari.

Mchana wa siku ya pili akatokea bibi Emerensiana. Alikuwa amesikia kwa wanunuzi wa sabuni kwamba mjukuu wake ameketi mpakani kama mzigo uliopotelewa na mwenyewe. Alikuja na fimbo, akauinamia mti, akapita, akaingia Tanzania bila kumtazama askari. Hakumlaumu mama. Alinitazama tu, akaniinua, akanifunga mgongoni kwa kitambaa chake, akageuka alikotoka.

Askari akatoka mbio. "Bibi! Bibi! Huyo mtoto bado hajapigwa muhuri!"

Bibi Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Neno alilolishika ni kupigwa. Akasimama katikati ya nchi mbili, akainua fimbo.

"Nani anampiga mjukuu wangu? Wewe? Njoo! Njoo umpige niko hapa!"

Askari akavua kofia. Mama akaokota kikapu chake akamfuata mama yake. Nasikia tulikaa kwa bibi wiki mbili, nikanenepa.

Tuliporudi, baba alitupokea, akanibeba, akauliza hali ya bibi, kisha akaomba pasi. Akafungua kurasa moja moja. Zilikuwa nyeupe zote. Mama akamweleza kila kitu, hata la sukari. Baba aliifunga pasi, akaiweka juu ya meza, akaenda shuleni, na watoto wa darasa la sita wanakumbuka kwamba siku ile somo la siasa walichezeshwa mpira.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja, wanunuzi wa sabuni walileta habari kwamba bibi yu mahututi. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, hawezi safari. Baba alikuwa hana hati ya aina yoyote. Alikaa jioni ile akiutazama moto, kisha akavaa koti akaenda nyumba ya jirani, kwa yule mama aliyesema sisi ndio tunanuka.

"Mnaondoka saa ngapi kesho?" akamwuliza.

"Mwalimu, wewe usije. Utatuuliza vibali."

"Sitauliza."

Walimkubali kwa sharti atembee nyuma. Baba alishika njia ile kwa mara ya kwanza, viatu mkononi asivichafue, akiangalia chini. Katikati ya mashamba wakapishana na watu wanaorudi: mzee Modesti na kifurushi chake, mwalimu mkuu wa shule yao, na mwisho kabisa Lutengano anasukuma baiskeli yenye gunia la sukari. Baba alitaka kuingia kwenye majani. Lutengano akapiga kengele ya baiskeli.

"Habari za siku nyingi, Mwalimu! Njia ni nzuri, ila ukifika kijito shika kulia, kushoto pana tope."

Baba akamshukuru.

Baba alimkuta bibi amekaa kitandani, homa imetoka, anakunywa uji. Baba akapiga magoti, akamwamkia, halafu akaanza kumweleza, kwa Kiswahili na vipande vya Kimambwe alivyofundishwa na mama, kwamba amekuja bila kibali, na kwamba jambo hilo linamsumbua sana rohoni. Bibi, aliyeshika neno moja moja tu, alimsikiliza mpaka mwisho, akimhurumia. Kisha akamwita binti wa jirani, akamwambia alete maji, mkwewe ana kiu.